Aliye mbele haoni njia

Wandugu, leo siandiki juu ya CV wala juu ya stage. Naandika juu ya mchezo wa video wa mwaka 1991, wa motokari ndogo ndogo zinazokimbizana juu ya meza ya chakula. Najua kuna batu watasema: muhitimu mzima, na diplome yake ndani ya mfuko, bado anacheza vitu vya batoto! Waseme tu. Mchezo unaitwa Micro Machines, na kwa mwezi mzima umenigombanisha na mdogo wangu wa kike ndani ya chumba kimoja hapa Bukavu, mpaka ikanibidi nifikiri sawasawa: unapendeza juu ya nini, na kati yetu wawili nani alikuwa na haki.

Faili yake niliipata kwenye fleshi ya rafiki. Haifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya simu inaishinda kwa uzito. Inafunguka na programu inayoigiza Nintendo ya zamani ndani ya kompyuta. Mashini yangu imezeeka, michezo ya mpira ya siku hizi ikiiona inazimika yenyewe, lakini hii inaibeba bila kulalamika, hata wakati umeme umekatika na batri inahesabu dakika.

Waliotengeneza ni Codemasters, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na ndugu wawili, Richard na David Darling. Jina walilichukua kwa motokari za kuchezea za Galoob, kampuni ya Marekani, zile ndogo sana ambazo mtoto anaweza kuficha kadhaa ndani ya ngumi moja. Sasa watu hawa wangeweza kuchora barabara ya kawaida, na lami na mistari myeupe. Hawakufanya vile. Walisema: kama motokari ni ndogo kama kidole, basi barabara yake ni nyumba.

Kwa hiyo unatazama kutoka juu, kama mama aliyesimama kando ya meza, na unakimbia kati ya sahani na vitu vya kunywa vya asubuhi. Alama za njia ni vile vipande vya nafaka ambavyo Wazungu wanakula na maziwa. Ukikosea kona unaanguka chini ya meza. Kuna mbio za boti ndani ya bafu, na tundu la kutolea maji liko pale linakungoja. Kuna meza ya biliadi, na mashimo yake. Kuna meza ya shule ambako unapita juu ya rula kama daraja, na hapo njo pahali ninapopenda kuliko pote, juu daraja lile halina ukingo na wote wawili mnataka kulipita kwa wakati mmoja.

Sisi nyumbani hatukuwa na biliadi wala bafu la kulalia. Lakini nani kati yetu hajasukuma motokari ya kopo au ya waya juu ya ukuta mdogo wa baraza, akifanya mdomo wake kuwa mota? Tulikuwa tunajua tayari kwamba ukuta wa baraza ni mlima. Huu mchezo hautufundishi hilo. Unatukumbusha tu, halafu unatupatia mtu wa kushindana naye.

Na mtu huyo njo kila kitu. Ukiucheza peke yako, unachagua uso mmoja kati ya sura za kuchora, unapambana na mashine, unapanda, unapoteza maisha, unarudi. Ni sawa. Baada ya jioni mbili utakuwa umekariri kona zote na utaona unafanya kazi ya ofisi. Hata sauti itakuchosha: wakati wa mbio hakuna muziki, ni mota tu inanguruma. Nilifikiri ni kasoro, mpaka nilipocheza na mtu. Hapo nilielewa kwamba ule ukimya ni nafasi ya kelele zetu.

Sasa nifike kwenye sheria, maana ndani yake njo kuna utamu wote.

Mnapocheza wawili, kioo hakigawanywi. Mko wote ndani ya picha moja, na njia ni ndefu kuliko kioo, kwa hiyo picha inatembea na nyinyi. Mmoja akimwacha mwenzake mpaka mwenzake akatoka nje ya picha, mchezo unasimama. Aliyetangulia anapewa pointi. Kiisha wote wawili wanawekwa tena pamoja, sambamba, na mbio zinaendelea kutoka pale pale. Pointi zinaonyeshwa kwa taa nane: mnaanza na taa nne kwa nne, kila pointi inageuza taa moja kuwa yako, na ukizigeuza zote umeshinda.

Ni hayo tu. Lakini tazama vile inavyofanya kazi. Kadiri unavyomwacha mwenzako, ndivyo unavyosogea kwenye ukingo wa kioo, na ndivyo njia iliyo mbele yako inavyopungua machoni. Aliye mbele haoni. Anakimbilia kona ambayo bado haijaingia kwenye picha. Aliye nyuma anaona kila kitu: kona, kijiko, na hata kosa la mwenzake kabla mwenzake hajalijua. Kwa hiyo kuongoza kuna hatari yake, na kubaki nyuma kuna faida yake. Mara nyingi nimekuwa karibu kabisa kumtoa mtu nje ya kioo, zimebaki sentimita mbili, na mimi njo nikaanguka chini ya meza juu sikuiona kona. Yeye akapita polepole, anacheka.

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, linganisha na waliotangulia. Mbio za kutazama kutoka juu zilikuwepo tangu zamani. Atari ilitoa Gran Trak 10 mwaka 1974, na mwaka 1986 ikatoa Super Sprint, kabati kubwa yenye usukani tatu ambapo watu watatu walisimama bega kwa bega. Ni michezo mizuri, lakini humo njia nzima inakaa ndani ya kioo kimoja. Kila mtu anaona kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenye mkono mwepesi anaondoka, na mwenye mkono mzito anajua ameshindwa kwenye mzunguko wa kwanza, ila anapaswa kuendelea kuzunguka kwa heshima. Mwaka 1992 Super Mario Kart ikachukua njia nyingine: ikakata kioo vipande viwili, kila mtu na nusu yake. Naupenda mchezo ule, lakini tuseme ukweli, kukata kioo ni kama kujenga ukuta katikati ya nyumba. Mnakaa kwenye kiti kimoja na kila mmoja anaangalia kwake.

Micro Machines haikukata kioo. Picha moja haiwezi kushika motokari mbili zilizo mbali. Kwa fundi mwingine hilo lingekuwa tatizo la kuomba msamaha. Wao waliligeuza likawa sheria: kutoka kwenye picha ni kushindwa, basi. Ule ufinyu wa mashine njo umekuwa mchezo wenyewe. Kwangu mimi huo ni usanii kuliko michoro yote ya motokari zinazong'aa za leo, na niko tayari kubishana na yeyote.

Lakini zamani nilikuwa nabishana upande wa pili. Hapa lazima niseme ukweli wangu.

Mdogo wangu alikuja mjini kuanza masomo, akakaa kwangu. Jioni tulikuwa tunacheza: klavye moja, watu wawili, yeye kwenye herufi za kushoto, mimi kwenye mishale ya kulia. Nilikuwa namshinda vibaya. Taa nane, tena na tena. Na kwa sababu nilikuwa namshinda, ile sheria ikaanza kuniudhi. Nilisema ni sheria ya huruma. Mimi nimetumika, nimejua njia, nimemwacha mbali, kiisha mchezo unamchukua alipoanguka, unampangusa vumbi, unamweka pembeni yangu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililipwa taa moja tu kwa kazi yote ile. Nilikuwa nasema, na kwa sauti kubwa mbele ya wageni: ingekuwa mbio za kweli, huyu angekuwa bado yuko kwenye kona ya kwanza.

Yeye alikuwa na jibu moja kila siku.

“Yaya, hii motokari inakataa kona.”

“Inakataa ama wewe njo unakataa?”

“Nabonyeza kabisa! Angalia kidole yangu.”

Sikuangalia kidole. Kidole cha mtu anayeshindwa nani anakiangalia? Nilimwambia ajifunze. Rafiki zangu walipopita walimpatia ushauri, kila mmoja wa kwake: punguza mwendo, geuka mapema, usikodolee motokari yako. Alisikia wote, akashindwa vilevile. Wiki ya tatu akaacha. Alisema yuko na interro ya kujiandaa. Interro haikuwepo.

Siku moja nikacheza na kijana wa mtaani kwetu, mkali kweli, anayeishi ndani ya vyumba vya PlayStation. Aliketi upande wa herufi. Dakika kumi tu akainua mikono: “Mkubwa, klavye yako iko na ugonjwa. Ukishikilia kwenda na ukageuka kushoto, mimi kushoto yangu haifanye.” Nikacheka. Akanifungulia ukurasa mtupu wa kuandikia, akanibonyezesha butoni zangu mbili na akabonyeza zake mbili. Ya nne haikutoka. Tukarudia. Haikutoka.

Baadaye nikaelewa juu ya nini. Klavye za bei rahisi hazina waya mmoja kwa kila butoni. Butoni zimepangwa kwa mistari na safu, kama viti vya darasa. Ukibonyeza tatu ambazo zinakaa kwenye pembe tatu za mstatili, mashine haiwezi kujua kama ile ya pembe ya nne imebonyezwa kweli ama hapana. Ikikosa hakika, inaamua kuipuuza. Mtu anayeandika barua hataona chochote, juu hakuna neno linaloandikwa kwa butoni nne kwa wakati mmoja. Lakini wawili wanaocheza wanashikilia kila mmoja butoni ya kwenda, na ya kugeuka juu yake. Hizo ni nne tayari.

Na kona inapofika, wote wawili wanageuka upande mmoja. Mimi nilikuwa mbele, kwa hiyo mimi njo nilikuwa nabonyeza kwanza. Yake ikafika ya mwisho, ikapuuzwa. Kona zote za kushoto, kwa mwezi mzima, yule mtoto alikuwa anaendesha motokari bila usukani, na mimi namfundisha kuendesha.

Sikukusudia, hiyo ni kweli. Lakini butoni nilizichagua mimi, siku ile ya kwanza, na nilichagua zilizonitii. Nilijaribu kadhaa kabla yeye hajaketi. Kuna moja ilikataa, nikaiacha, sikujiuliza inakataa juu ya nini wala nani atabaki nayo.

Fikirini sasa vile hoja yangu ilivyogeuka. Sheria niliyoiita ya huruma njo ilikuwa kitu cha pekee ndani ya chumba kile kilichomtendea haki. Katika Super Sprint angebaki kwenye kona ya kwanza ya kushoto mpaka mwisho, akigonga ukuta. Hapa kila alipotupwa nje, mchezo ulimrudisha kwenye mstari mmoja na mimi na kumwambia: jaribu tena, kuanzia hapa. Haukuwa unamwonea huruma. Ulikuwa unakataa tu kuchukua ushindi wangu wa kona iliyopita kama ushahidi wa kona inayokuja. Mimi njo nilikuwa nafanya hivyo.

Lakini nisiusifu kupita kiasi. Sheria peke yake haiponyi klavye. Alirudishwa kwenye mstari mara mia moja, na mara mia moja akatupwa. Mtu anayesema “wote wameanza pamoja” na hajaangalia butoni za kila mmoja hajasema kitu. Hapo mchezo wa 1991 haukuwa na kosa, maana kwenye Nintendo yenyewe kila mtu alikuwa na maneti yake na waya wake. Kosa ni letu sisi tunaousongamanisha juu ya klavye moja.

Cha kuchekesha ni kwamba Codemasters wenyewe walifikiria watu wasio na maneti za kutosha. Mwaka 1994 walitoa Micro Machines 2 kwa Mega Drive, na kaseti yake, walioiita J-Cart, ilikuwa na matundu mawili ya ziada ya kuchomekea maneti. Kwa hiyo bila kununua kifaa kingine mlicheza wanne. Kiisha wakaenda mbali zaidi: maneti moja, watu wawili, mmoja anashika upande wa kushoto na mwingine wa kulia. Watu wanane mbele ya televizyo moja! Nikiwaza mikono miwili ya watu tofauti inavyosukumana juu ya kipande kile cha plastiki, naona waliokibuni walijua chumba chenye watu wengi na vitu vichache kinavyofanana. Toleo la tatu, Micro Machines V3 la mwaka 1997 kwa PlayStation, liliendeleza ushirika huo wa maneti, ingawa michoro ilikuwa imegeuka kuwa ya 3D.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Micro Machines World Series ya 2017 ni nzuri machoni, vitu vya nyumbani vimechorwa mpaka unatamani kuvigusa, na kutupwa nje ya picha bado kumo. Lakini uzito wake umehamia kwenye vita vya mtandaoni, motokari zinazorushiana silaha, watu kumi na wawili wasiojuana. Kwa mtu wa hapa, anayenunua megabaiti kwa kuhesabu, hiyo ni kama kualikwa kwenye karamu ng'ambo ya ziwa na pirogi hakuna. Na hata ningekuwa na intaneti ya kutosha: mtu asiyejulikana akitoka nje ya kioo changu, ni jina tu limetoka. Mdogo wangu akitoka, anapiga meza na chai inamwagika.

Ule wa zamani pia uko na kasoro, tuseme. Kuna njia ambazo huwezi kuzishinda bila kuzikariri kwanza, kwa hiyo mgeni anaumizwa jioni nzima kabla hajaanza kufurahi. Ile hatari ya aliye mbele, niliyoisifu hapo juu, inakufa kabisa kwa mtu anayejua kona zote kwa kichwa; yeye hahitaji kuona. Dawa yetu ni ndogo: anayemiliki mashini hachagui njia. Anachagua mgeni.

Tuliazima klavye ya pili ya waya, kila mtu na yake. Nilimwita mdogo wangu, nikamweleza habari ya mistari na safu, nikamwonyesha kwenye ukurasa mtupu. Hakusema pole wala asante. Alibonyeza zile butoni nne mwenyewe, mara tatu, akinitazama usoni.

“Kwa hiyo nilikuwa nabonyeza.”

“Ulikuwa unabonyeza.”

“Waambie na barafiki yako.”

Niliwaambia, mmoja mmoja. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri, na mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile alichagua meza ya shule, yenye daraja la rula. Mbio ya kwanza nilishinda taa zote, juu vidole vyake vilikuwa bado vinageuka mapema kupita kiasi. Alikuwa amejifundisha kuendesha motokari mgonjwa, na sasa imepona haikumtii vizuri. Ya pili tulifika taa tano kwa tatu. Ya tatu nilikuwa mbele, karibu na ukingo wa kioo, rula ikaingia kwenye picha kwa kuchelewa, nikapita pembeni yake na kuanguka. Yeye alikuwa nyuma, ameiona tangu zamani. Alipita katikati ya daraja bila kugusa breki.

Mpaka leo ninapoandika, ni kumi na moja kwa tisa. Zake njo kumi na moja. Anasema klavye yangu iko na ugonjwa.